Kunakili darizi za zamani kwa mchoro wa kuhamisha: mwongozo kamili kutoka Mwanza

Foronya niliyoanzia nayo ilitoka Ukerewe. Tulikwenda Nansio kumjulia hali mama mkwe, na jioni akafungua sanduku lake la bati, akaitoa na kuitandaza juu ya magoti. Palikuwa na bibi wa gauni pana amesimama bustanini, kofia yake kubwa imeuficha uso wote, maua marefu yamepanda ubavuni mwake. Chini yake yalidarizwa maneno USIKU MWEMA kwa uzi ambao zamani ulikuwa mwekundu na sasa umebaki rangi ya waridi. Kwenye ncha ya jani moja uzi haukufika. Nilipoisogeza foronya kwenye mwanga wa mlango niliona hapo vistari vitatu vya bluu, vidogo kama kope.

Vile vistari vilinieleza jinsi kazi ilivyofanyika. Mama mkwe hakumchora yule bibi. Alinunua karatasi yenye mchoro wa wino, akaipiga pasi juu ya kitambaa, wino ukahamia kwenye pamba, kisha akaufunika wino kwa uzi. Huku kwetu wengi huita kazi hii kufuma, hata kama ni sindano na fremu tu. Mimi nitasema kudarizi, nisije nikachanganya na wale wa kroshia.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye kitambaa kama hicho nyumbani, anayetaka kutengeneza kingine kinachofanana nacho bila kukiharibu cha kwanza. Kazi ya sindano yenyewe ni nusu tu ya safari. Nusu ya kwanza, na ndiyo inayoharibu vitambaa vya watu, ni kuutoa mchoro kwenye kitambaa cha zamani na kuufikisha kwenye kitambaa kipya ukiwa mzima.

Michoro hii ilikotoka

Watu wamekuwa wakigawana michoro ya kudarizi kwa karatasi kwa muda mrefu. Kitabu cha kwanza cha michoro kuchapwa kilitoka Augsburg, Ujerumani, mwaka 1523. Aliyekuwa nacho alitoboa kurasa kwa sindano ili aupeleke mchoro kwenye kitambaa, ndiyo maana vitabu vingi vya aina hiyo vilichakaa na kupotea. Mchoro wa pasi ulikuja baadaye sana, miaka ya 1870, kupitia kampuni ya William Briggs ya Manchester, Uingereza. Kuanzia hapo mtu asiyejua kuchora kabisa aliweza kupata ua lililochorwa na fundi kwa bei ya karatasi.

Yule bibi wa gauni pana alipendwa sana Uingereza katika miaka ya 1930. Kofia iliyouficha uso haikuwekwa kwa urembo peke yake. Uso wa mtu ni mgumu kudarizi, nukta moja ikikaa vibaya jicho linapinda, hivyo kofia ilimwokoa mdarizi. Huku kwetu, wasichana waliofundishwa kushona katika shule za misheni walijifunza mishono ileile, na wakaongeza maneno yao wenyewe: Lala Salama, Ndoto Njema, Usiku Mwema. Maneno haya hayakuwa kwenye karatasi ya Kiingereza. Kwenye foronya ya mama mkwe unaona wazi kwamba aliyaandika kwa mkono, kwa sababu katika MWEMA, M ya pili ni pana kuliko ya kwanza. Ishike M hiyo, nitairudia.

Kama huna kitambaa cha kurithi, tembea soko la mitumba la Mlango Mmoja hapa Mwanza siku marobota ya mashuka na vitambaa vya meza yanapofunguliwa. Kati ya vitambaa vya mashine hujitokeza kimoja kilichodarizwa kwa mkono. Geuza nyuma. Cha mashine kina uzi wa pili mwembamba, mara nyingi mweupe, unaokimbia chini ya mishono yote. Cha mkono kina mafundo, vijiuzi vinavyoruka kutoka jani hadi jani, na mahali mtu alipobadilisha mawazo.

Kwanza soma kitambaa, usikifue

Kosa la haraka ni kukichukua kitambaa cha miaka hamsini na kukitumbukiza kwenye maji ya sabuni ili mchoro uonekane vizuri. Rangi nyekundu na bluu za zamani zinaweza kuvuja zikiguswa na maji, na ukifika hapo hakuna kurudi. Kama lazima ukisafishe, kwanza lowesha ncha ya pamba nyeupe, igandamize kwenye uzi wa kila rangi upande wa nyuma kwa dakika moja, uangalie kama pamba imebeba rangi. Imebeba? Acha kitambaa na vumbi lake. Dawa ya kung'arisha nguo nyeupe isikaribie kabisa.

Kiweke juu ya meza safi, kwenye kivuli, na ukipige picha nne: mbele yote, nyuma yote, na vipande viwili vya karibu. Weka rula pembeni ionekane kwenye picha, maana bila rula hutajua baadaye kama ua lilikuwa sentimita nne au sita. Shika simu sambamba na meza. Ukiinamisha, upande wa mbali utaonekana mdogo na mchoro wako utapinda. Kwa picha za karibu, acha mwanga utoke ubavuni, dirisha likiwa kushoto au kulia kwako, ili kila mshono utupe kivuli chake.

Kisha andika daftarini yale ambayo picha haisemi. Ni rangi ngapi. Mishono gani. Upande wa nyuma ndio mwalimu wa rangi, kwa sababu haujapigwa na jua. Foronya yangu mbele ni waridi, nyuma bado ni nyekundu ya kuiva. Mimi hunakili rangi ya nyuma, kitambaa kilivyokuwa siku kilipozaliwa. Wapo wanaopenda rangi iliyofifia, na siwakatalii, ila wajue wananakili kazi ya jua na siyo ya mdarizi.

Kuutoa mchoro kwenye kitambaa cha zamani

Njia ninayoiamini ni kunakili kwa karatasi ya treisingi, ile nyembamba inayoonyesha kilicho chini yake. Tandaza kitambaa bila kukivuta. Juu yake weka karatasi ya nailoni ngumu inayoonyesha, ile ya kufunikia madaftari, halafu ndipo treisingi. Nailoni inazuia ncha ya penseli isikandamize uzi wa zamani. Tumia penseli tu. Kalamu ya wino hata ukiwa mwangalifu kiasi gani itapenya siku moja, na doa la wino kwenye foronya ya marehemu halina dawa. Bana karatasi kwa vitu vizito pembeni; usitoboe kitambaa cha zamani kwa pini.

Treisingi ikiwa haionyeshi vizuri, tumia njia ya kusugua waliyotumia mama zetu. Weka karatasi nyembamba moja kwa moja juu ya darizi, shika kwa vidole isiteleze, kisha pitisha penseli laini iliyolazwa ubavu, taratibu, kuelekea upande mmoja. Mishono iliyoinuka itajitokeza kama sura ya sarafu chini ya karatasi. Njia hii inapendeza kwenye majani yaliyojazwa uzi na mafundo. Inashindwa kwenye mistari myembamba iliyobonyea kwa kupigwa pasi miaka mingi. Na usiitumie kama nyuzi zimeanza kukatika, hata mkono mwepesi ni mzito kwa uzi uliooza.

Ukipata nakala ya kwanza, usiihamishe hivyohivyo. Ichore upya kwenye karatasi safi, mstari mmoja mwembamba kwa kila mshono. Hapa ndipo watu wanajichosha bila sababu: wanachora pande zote mbili za shina, wakati shina lenyewe ni mstari mmoja wa uzi. Mstari wowote utakaouhamisha ni mstari utakaotakiwa kuufunika. Ukichora kivuli cha jani, lazima kuwe na uzi wa kivuli. Kwa hiyo chora kile tu ambacho sindano itapita juu yake.

Sasa ile M. Sehemu zilizotoka kwenye karatasi ya dukani, kama yule bibi na maua, zinaweza kunyooshwa. Kama kitambaa kimevutika kwa kufuliwa na gauni limepinda upande, kunja karatasi katikati na ulisawazishe. Lakini sehemu aliyoichora mwenyewe kwa mkono, iache ilivyo. Nilinakili MWEMA yenye M pana, na mume wangu alipoiona akacheka kwa furaha, akasema huo ni mwandiko wa mama kwenye barua zake. Ningeinyoosha ningekuwa nimemfuta.

Kubadilisha ukubwa ni hesabu ndogo. Mchoro wa sentimita 10 unaotaka uwe 15, mwambie wa fotokopi aweke asilimia 150. Kutoka A4 kwenda A3 ni asilimia 141. Kama mashine haipo, chora miraba ya sentimita moja juu ya mchoro, na miraba ya sentimita moja na nusu kwenye karatasi nyingine, kisha hamisha mraba kwa mraba. Ni kazi ya jioni moja.

Kitambaa na uzi

Foronya za zamani nyingi ni pamba tupu. Chukua bafta nzuri au marekani laini, isiwe tetroni. Tetroni ina plastiki ndani yake, na mchoro wa pasi unataka moto mkali. Ukiweka moto unaotosha kuhamisha wino, tetroni inang'aa na kujikunja, na ukipunguza moto wino haushiki. Jaribu uzi mmoja wa ukingoni kwa kiberiti kabla hujanunua: pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu laini, plastiki inayeyuka na kuwa shanga ngumu.

Fua kitambaa kipya kwa maji ya moto kabla ya lolote. Pamba hupungua, na gundi ya kiwandani huzuia wino usiingie. Kianike, kipige pasi kingali na unyevu kidogo, kisha kikate ukiacha sentimita 5 za ziada kila upande. Kata kwa kufuata uzi. Ng'oa uzi mmoja wa mshindio, yaani wa upana, na njia itakayobaki wazi ndiyo mstari wa kukatia. Shona zigizagi pembeni kwa cherehani, ama piga bandi, yaani mishono mirefu ya mkono, maana ukingo unaochambuka utakunyang'anya hizo sentimita tano kabla hujamaliza. Kunja kitambaa mara nne upate katikati, na piga bandi mbili za uzi wa rangi nyepesi, moja kufuata mtande, yaani nyuzi za urefu, na nyingine mshindio. Mchoro wako nao uwe na msalaba wa katikati. Misalaba miwili ikikutana, bibi hatasimama upande.

Uzi wa kudarizi wa kawaida una nyuzi ndogo sita zilizolala pamoja. Kata kipande cha dhiraa moja, kutoka ncha ya kidole cha kati hadi kiwiko. Ukizidisha, uzi unachakaa kwa kupita kwenye kitambaa mara nyingi na unapoteza mng'ao. Chomoa nyuzi mojamoja kisha ziunganishe tena, mbili kwa mistari myembamba, tatu kwa shina nene na herufi. Fungu moja la uzi wa chapa ya DMC lina mita 8, na kwa foronya yangu mafungu mawili ya nyekundu yalitosha herufi na maua. Uzi wa bei rahisi hautakuwa tatizo kama hauvuji rangi. Loweka kipande kwenye maji ya moto yenye sabuni, kikunje ndani ya bafta nyeupe, piga pasi juu. Bafta ikipata rangi, uzi huo utumie kwenye kitu kisichofuliwa.

Kuhamisha kwa pasi

Ukibahatika kupata karatasi ya zamani ya mchoro wa pasi, na zipo kwenye makabati ya mama waliowahi kufundisha ushoni, usiipige yote mara moja. Karatasi nyingi zina namba au alama ndogo pembeni iliyochapwa kwa wino uleule. Ikate, ijaribu kwenye kipande cha kitambaa chako. Ikitoka, wino bado uko hai. Isipotoka, usiitupe karatasi. Inakili kwa treisingi na utumie njia nyingine.

Ya kwako mwenyewe unaweza kuitengeneza kwa penseli maalumu ya kuhamisha, au kwa fotokopi. Mashine ya fotokopi inayotumia unga wa wino hugandisha unga huo kwa joto, na pasi ya moto sana inaweza kuulainisha tena na kuuachia kidogo kwenye pamba. Omba kopi yenye wino mzito na uitumie siku hiyohiyo. Inatoa mstari hafifu wa kijivu, lakini unatosha. Kopi ya printa ya wino wa maji haifanyi hivyo, inabaki kwenye karatasi.

Kumbuka kwamba pasi inageuza. Kilicho kulia kinakwenda kushoto. Ua halitajali, herufi zitajali. Mwaka mmoja niliandaa vitambaa vya makochi vya harusi ya wifi yangu vyenye neno KARIBU, nikapiga pasi mita mbili za bafta kabla sijasoma nilichofanya. Wino ule hautoki kwa kufua, na sikuwa na mita nyingine mbili. Tangu siku hiyo naweka mchoro kwenye kioo cha dirisha ukiwa umegeuzwa, nasoma herufi moja moja kwa sauti, ndipo nachora upande wa pili kwa penseli ya kuhamisha. Upande unaopakwa wino usomeke kinyumenyume; kitambaa kitasoma sawa.

Namna ya kupiga. Tandaza ubao mgumu, siyo godoro. Juu yake kitambaa kimoja chembamba na karatasi nyeupe, ili wino ukipenya usiharibu ubao. Pasha kitambaa chako kwanza kiondoe unyevu wote. Laza karatasi wino ukitazama chini, ibane kwa pini nje ya mchoro. Pasi iwe ya moto wa pamba, bila mvuke. Kama ni pasi ya mkaa, futa kitako chake kwa kitambaa cheupe na usiipulize karibu na kazi, cheche moja ya jivu inaacha alama. Sasa bonyeza, hesabu hadi kumi, inua, sogeza, bonyeza tena. Usitelezeshe. Ukitelezesha karatasi inasogea kidogo na unapata mistari miwili kila mahali. Kabla hujatoa pini, inua kona moja utazame. Mstari ukiwa hafifu, rudisha kona na uongeze sekunde chache.

Kutoboa na kupaka unga

Hii ndiyo njia ya zamani kuliko zote, na kwangu mimi ndiyo bora kwa mtu anayetaka mchoro mmoja umtumikie miaka. Haitaki umeme, haigeuzi mchoro, haiachi wino wa kudumu, na inakubali kitambaa cheusi.

Chukua mchoro wako kwenye treisingi imara. Ulaze juu ya blanketi iliyokunjwa mara nne. Chomeka jicho la sindano nyembamba kwenye kizibo cha chupa upate mpini, kisha toboa kufuata kila mstari, tundu kila milimita 2, na kwenye kona na mikunjo ya maua kila milimita 1. Sindano isimame wima. Ukimaliza, inua karatasi kwenye mwanga. Bustani nzima itaonekana kwa nukta za mwanga, na mahali uliporuka utapaona mara moja. Sugua upande wa nyuma kwa msasa laini. Kila tundu lina ukingo mdogo ulioinuka huko nyuma, na ukiuacha utajifunga na unga hautapita. Hatua hii ya msasa watu wengi hawaijui, halafu wanailaumu njia nzima.

Unga kwa kitambaa cheupe: mkaa uliosagwa na kuchekechwa kwenye soksi ya nailoni, uchanganye na chaki nusu kwa nusu ili upate kijivu badala ya weusi. Kwa kitambaa cheusi au cha bluu iliyokolea, chaki peke yake. Viringisha kipande cha blanketi kiwe kama kidole gumba, kifunge kwa uzi, chovya unga kidogo, kung'uta, kisha sugua juu ya matundu kwa miduara midogo. Unga kidogo unaosuguliwa vizuri unashinda unga mwingi. Inua karatasi moja kwa moja juu, usiiburute.

Fanya kazi hii asubuhi. Mchana upepo wa ziwani unaanza kuingia, na hapa Mwanza aliyewahi kufunua karatasi saa nane mchana dirisha likiwa wazi anajua jinsi nukta mia tano zinavyoondoka pamoja. Mara tu unga ukitulia, unganisha nukta kwa penseli ngumu iliyochongwa, au kwa brashi nyembamba sana na rangi ya maji. Halafu piga kitambaa kwa nyuma unga uanguke. Karatasi yenyewe iweke. Inafaa mara kumi na zaidi.

Njia nyingine kwa ufupi

Kitambaa chepesi cheupe hakihitaji haya yote. Bandika mchoro kwenye kioo cha dirisha, kitambaa juu yake, na uchore kwa penseli. Usiku, meza ya kioo na simu iliyowashwa tochi chini yake inafanya kazi ileile.

Kaboni ya mafundi cherehani ni nzuri kwa kitambaa kizito. Kaboni ya ofisini usiitumie. Ina nta na wino unaochafua, na mkono wako ukiegemea tu tayari una doa.

Kalamu ya bluu inayofutika kwa maji ni rafiki kwa sharti moja: usiipige pasi kabla ya kuifua. Joto huigandisha. Ile inayofutika kwa joto ina tabia nyingine, alama zake zinaweza kurudi kitambaa kikipata baridi kali, hivyo kwa zawadi inayokwenda nchi za theluji mimi siitumii.

Kwa sweta, mahameli na vitambaa vyenye manyoya, chora kwenye karatasi laini sana, ipige bandi juu ya kitambaa, darizi ukipita kwenye karatasi, kisha ichane taratibu.

Kudarizi kwa kufuata kitambaa cha zamani

Kabla ya mshono wa kwanza, rudi kwenye picha ya nyuma. Mbele unaweza kudanganyika. Mshono wa shina, ule unaofanana na kamba iliyosokotwa, nyuma yake unaonekana kama mistari mifupi iliyopangwa kichwa kwa mkia. Mshono wa mnyororo nao nyuma unaonyesha mistari hiyohiyo, ila mbele una vitanzi. Ukiona jani limejaa uzi mbele na nyuma sawasawa, huo ni mshono wa kujaza. Maua marefu ya foronya yangu yalikuwa magurudumu: mshono wa tundu la kifungo umezungushwa, nyuzi zote zikianzia kwenye tundu moja la katikati. Nilidhani ni kujaza mpaka nilipogeuza.

Bana kitambaa kwenye fremu ya duara, kikaze hadi kikigongwa kwa kidole kilie. Vuta kwa kufuata nyuzi, pande nne, usivute kona. Ukimaliza kwa siku, kifungue. Fremu ikikaa usiku kucha inaacha duara ambalo pasi hailitoi, na hapa pwani ya ziwa kuna jambo jingine: vile vijidudu vinavyofuata taa hutua kwenye kitambaa cheupe, ukivipangusa vinapondeka. Funika kazi kwa khanga kabla ya kuwasha taa.

Mishono ya mistari ifanye kwanza, ya kujaza baadaye, mafundo mwisho kabisa. Mafundo yakitangulia yatabanwa na fremu na kulala. Kwa mshono wa shina, weka uzi upande mmoja wa sindano tangu mwanzo hadi mwisho. Ukibadilisha katikati, kamba inavunjika na jicho linaiona kutoka mlangoni. Sindano ipite juu ya mstari wa wino au nje yake kidogo, kamwe siyo ndani. Ukipita ndani, ndipo vile vistari vya bluu vinabaki nje kwa miaka hamsini. Usianze kwa fundo: acha mkia wa uzi nyuma na uushonee juu yake.

Ukikosea, kata mishono michache kwa nyuma kwa mkasi mdogo na uchomoe. Kurudisha sindano kwenye tundu ilikotoka huchana kitambaa.

Kumalizia

Fua kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kipande, bila kusugua, kandamiza tu. Suuza hadi maji yawe meupe kabisa. Usikamue. Viringisha kwenye taulo, kisha anika kivulini. Pasi ipigwe kitambaa kikiwa kimelala uso chini juu ya taulo nene, darizi izame kwenye taulo na kuinuka upande wa pili. Ukipiga juu ya ubao mtupu, mafundo yako yote yatakuwa bapa.

Kona ya nyuma, kwa uzi mweupe na herufi ndogo, darizi mwaka na neno "nakala". Mjukuu atakayeikuta asije akabishana na mwenzake ipi ilikuwa ya bibi.

Na ile ya zamani irudi mahali pake. Isikunjwe, maana mikunjo hukata nyuzi. Iviringishwe kwenye bomba la karatasi ngumu lililofunikwa kwa bafta iliyofuliwa, na bafta nyingine juu, bila mfuko wa plastiki. Treisingi yenye matundu, picha, na ukurasa wa daftari wenye rangi na mishono huwa naviweka kwenye bahasha moja juu yake. Ya mama mkwe nimeiandika kwa penseli: bibi wa kofia, Nansio, nyekundu ya nyuma, M ya pili pana.